Mzee, Kaa Kama Unavyokaa Nyumbani

Siku ile baba alipochorwa alama tumboni naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Nilikuwa msichana, nimetumwa kutoka Kakuma kumuuguza hospitalini Lodwar. Saratani ilikuwa imeshika kibofu, na kesho yake madaktari wangekitoa. Baada ya hapo mkojo ungepitia tundu dogo tumboni na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi, maisha yake yote.

Muuguzi akaja na kalamu kutafuta mahali pa tundu hilo. Alitueleza polepole: mfuko ukiangukia kwenye mkunjo wa tumbo haushiki, mkojo unavuja, na mtu anaishia kujificha watu wasimnuse. Akamwambia baba akae kama anavyokaa nyumbani.

Baba akakaa kwenye kiti cha wodi, mgongo wima, tumbo amelibana kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Hapa ni sawa, mzee?"

"Sawa sana, daktari."

Kila kitu kwake kilikuwa sawa sana. Aliulizwa kama ameacha tumbaku, sawa sana, na shavu limejaa. Aliulizwa kama anaelewa kwamba baada ya upasuaji atatembezwa mapema hata kidonda kikiuma, sawa sana. Wazee wetu wana adabu ya kuchosha, jamani. Wanaona kumpinga mtu wa hospitali ni kumvunjia heshima, halafu sisi ndio tunabaki kufua mashuka.

Shangazi, dada yake mkubwa aliyetoka Kataboi kuja kumwona, alikuwa ameketi sakafuni. Akavuta ekicholong kutoka chini ya kitanda, kile kigoda kifupi ambacho wanaume wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Baba alikuwa amekificha kwa aibu.

"Ekai, wewe unadanganya nani? Huyu muuguzi, msichana ya watu, ataenda na wewe kwa mbuzi? Kaa hapa. Na hiyo tumbaku, tema."

Baba akatema, akakaa. Magoti yakapanda karibu na kifua, tumbo likajikunja, na ile alama ikazama yote ndani ya mkunjo. Muuguzi akaifuta, akachora nyingine juu zaidi, akamwinamisha tena, akamfunga shuka kiunoni kuhakikisha halitagusa alama.

Baba alipasuliwa, akapona, akarudi kwa mbuzi wake. Wazee wengi aliokaa nao Kakuma hawakuwahi kujua kwamba ana mfuko.

Kwa hiyo wewe unayempeleka baba yako kuchorwa alama kama hiyo wiki hii, usije ukaniambia amesema yuko sawa. Sitaki kusikia. Mkalishe anavyokaa kweli, mfunge shuka anavyofunga, na tumbaku anayoficha itaje mbele ya daktari. Akishapasuliwa, msimlaze kwa huruma wakati wauguzi wanataka atembee. Akikukasirikia, na akukasirikie. Akuj, Mungu wetu, awalinde njiani, amrudishe baba yako akiwa mkali vilevile, na kila usiku uliobaki alale pakavu.