Fomu ya Nishani ya Mwenye Lori

Fomu ilikuwa karatasi nne, na chifu aliniletea mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Shule niliachia darasa la saba, lakini daftari la kila siku nimeandika tangu ujana, na hapa Tseikuru watu huniita Karani. Alisema kila lokesheni, yaani kila eneo la chifu, itoe jina moja la mtu aliyetumikia wengine. Kamati ya kaunti ndogo ingechagua, ipeleke juu, na huko Nairobi kamati nyingine ichague tena kabla Rais hajamvisha mtu nishani. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Pengine kuna ngazi niliyoruka.

Baraza lilikubaliana jina bila kelele: mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka kaskazini mashariki. Ana lori. Kwa miaka mingi, mama akishikwa na uchungu na gari la hospitali halipo, huyu hushusha mbuzi, hutandika magunia na kumpeleka. Hajawahi kuitisha kitu. Sisi wa kanisani ndio tuliomtaja kwanza, na nilifurahi kuandika hivyo.

Halafu nikafika ukurasa wa nne, mahali fomu inauliza kama kuna jambo lingine kamati inapaswa kujua. Watu wengi huweka mstari hapo. Mimi nilifungua daftari, nikakuta siku aliyokataa. Mama alikuwa ameketi kwenye veranda ya duka, mchana, jasho linamtoka, na mwenye lori akasema mbele ya watu, "Leo mbuzi ziko ndani, haziwezi kushuka." Mama alipelekwa kwa bodaboda, akajifungua njiani, kwenye mchanga wa mto. Yeye na mtoto wako hai. Niliandika yote, hata hilo la kuwa hai, nikaona nimetenda haki.

Chifu aliposoma alishika kichwa. "Aiya! Karani, nani amekuuliza dhambi? Hii ni nishani ama ni kesi?"

"Fomu imeuliza."

"Inauliza ndio useme hakuna!"

Lakini alipiga muhuri, maana siku ya mwisho ilikuwa kesho yake, na bahasha ikaenda.

Kamati ilimchagua mwalimu mkuu mstaafu wa lokesheni nyingine. Ni mtu mzuri, amefundisha wengi. Sina neno juu yake. Mtu aliyekuwa kwenye kikao alimwambia chifu kwamba jina letu lilikuwa mbele mpaka ukurasa wa nne uliposomwa kwa sauti.

Nilimwendea mwenye lori siku ya soko, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anakagua meno ya beberu. Hakuacha.

"Kwa hivyo uliandika nilikataa."

"Niliandika."

"Ni kweli, nilikataa. Na sababu uliandika?"

"Mbuzi."

Alicheka, akamwachia beberu. "Mzee, mbuzi nimeshusha mara ngapi? Breki zilikuwa zimekufa. Ule mteremko wa mtoni ningemuua yule mama. Sasa niseme breki mbele ya soko lote, na askari wa barabarani amesimama pale anakunywa soda?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe uliniuliza?"

Nyumbani nilifungua daftari tena. Ukurasa uliofuata, kwa mkono wangu mwenyewe: lori limelala sokoni siku mbili, fundi ametoka Mwingi. Nilikuwa nalo jibu na sikugeuza karatasi. Kuficha breki pia si vizuri, na hilo nimeliandika. Lakini kosa la kwanza ni langu, na sijui kama kunakili daftari ndiyo haki niliyodhani.

Mwaka huu fomu zimerudi, na baraza limetaja jina lile lile. Chifu amenionya juu ya ukurasa wa nne. Nimeupeleka kwa mwenye lori kabla ya kurasa nyingine, ukiwa mtupu, nikaketi kwenye gunia kando ya gurudumu na kumuuliza kama kuna siku nyingine aliyokataa.

Alifikiri kidogo.

"Moja," akasema. "Hiyo huna kwenye daftari. Hakukuwa na breki wala mbuzi. Nilikuwa nimechoka tu."

Nilimtazama, kalamu mkononi.

"Andika," akasema. "Na uandike breki nilitengeneza."