Kiti Kilichotazama Nyuma

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi moja ya mvua tulipoondoka nyumbani kwetu Bilele kwenda Muleba. Waingereza walikuwa bado wanatawala, barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, nami nilikuwa mjamzito, karibu sana kujifungua. Mimba zangu za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Ndiyo maana nilikuwa napelekwa kwa mama yangu mzazi, nikajifungulie mikononi mwake, na nyumba nzima ilikuwa ikiniombea.

Mume wangu alikuwa kazini Mwanza, kwa hiyo aliyenipeleka ni baba mkwe, Ta Rwegasira, kama Wahaya tunavyomwita mzee wa heshima. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu mkarimu lakini mwenye haraka. Mwaka ule alikuwa amenunua vani kuukuu iliyokuwa ikisambaza mikate mjini. Nyuma haikuwa na viti. Yeye akachukua benchi la sebuleni, akaliegemeza nyuma ya kiti cha dereva, likitazama mlango wa nyuma, akalifunga kwa kamba na misumari michache. Alisema hivyo ndivyo abiria watakavyopata nafasi ya kunyoosha miguu. Mama mkwe na mimi tukakaa pale, mbele yetu mikungu ya ndizi na gunia la maharage.

Hatukufika mbali. Pale Rwamishenye askari wa barabarani akatusimamisha. Jina lake Koplo Masanja, Msukuma mrefu, mpole wa sauti. Alifungua mlango wa nyuma, akatuamkia, kisha akalisukuma benchi kwa goti. Likasogea.

"Mzee," akamwita baba mkwe, "gari hili haliruhusiwi kubeba abiria hivi."

Baba mkwe akashuka, uso umebadilika. "Kwa nini? Kwa sababu wanatazama nyuma? Kuna sheria inayokataza mtu kutazama nyuma?"

"Kutazama nyuma si kosa, mzee wangu. Kosa ni kiti kisichoshikamana na gari. Ukifunga breki ghafla, benchi hili litakufuata wewe huko mbele, pamoja na mama na dada huyu. Na ile mikungu nayo itaruka. Itampiga wapi?"

Koplo alitazama tumbo langu. Mimi nikashika tumbo kwa mikono miwili.

Baba mkwe alilalamika sana. Alisema mkwe wake anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote, alisema anajulikana mji mzima, alisema atakwenda kwa wakubwa. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakupandisha sauti.

"Nenda, mzee, ni haki yako. Lakini gari hili halitapita hapa na dada huyu ndani."

Tukarudi Bilele. Njia nzima mama mkwe na mimi tulitembea kwa miguu taratibu, maana Koplo hakuturuhusu hata kurudi tumekaa pale. Nililia kwa uchovu. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakumpinga mumewe mbele za watu, alipofika nyumbani alivua kitenge kilicholowa, akamwambia, "Mwenye haraka na apande peke yake. Mimi na mkwe wangu hatupandi mpaka yule askari aridhike."

Hapo mzee akaenda kwa fundi wa vyuma. Wakatoboa sakafu, wakapitisha bolti mpaka kwenye fremu ya gari chini, wakaweka vyuma vya pembe. Wakafanya mgongo wa kiti kuwa mrefu hadi kupita vichwa vyetu, wakaujaza sufi. Mizigo nayo ikatengenezewa pete za kufungia kamba sakafuni. Kazi ilipokwisha Koplo Masanja alikuja, akalitikisa benchi kwa nguvu zake zote, akainama kukagua chini ya gari, ndipo akatupa ruhusa. Alitutakia safari njema kana kwamba hajawahi kulalamikiwa.

Tulikuwa tumeshaipita Kanazi mvua ilipoanza upya. Kwenye mteremko tukakutana na lori la kahawa limeteleza, limeziba barabara. Mimi sikuliona, kwa kuwa nilikuwa natazama tulikotoka. Nilisikia tu baba mkwe akipaza sauti, "Yesu wangu!" Kisha vani ikagonga ukingo wa udongo, puu, ikasimama.

Mwanangu, nilisukumwa mgongoni kama mtu anayelazwa kitandani kwa nguvu. Mgongo, kichwa, vyote vikazama kwenye ile sufi. Kiti hakikung'oka. Mikungu ilivuta kamba mpaka zikalia, ikabaki palepale. Mama mkwe alinishika mkono, akauliza, "Anacheza?" Nikangoja. Sijawahi kungoja namna ile tena maishani. Kisha mtoto akapiga teke, nasi tukaangua kilio.

Baba mkwe alivunjika mkono na kupasuka paji la uso kwenye usukani. Watu wa lori walimtoa. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza habari zetu, na aliposikia tuko wazima alikaa chini kwenye matope, akalia mbele ya watu, mzee mzima.

Gari jingine likatufikisha Muleba, nikajifungua mtoto wa kike. Tukamwita Asimwe, yaani Mungu ashukuriwe. Tuliporudi mjini, baba mkwe, mkono ukiwa bado kwenye bandeji, alituongoza hadi kwa Koplo Masanja. Alivua kofia. "Kasinge, waitu," alisema kwa Kihaya, yaani asante bwana, akasahau kwamba mwenzake haijui lugha hiyo. Kisha akamwekea mtoto mikononi.

Koplo alimpakata Asimwe. "Watu ninaowazuia hunikasirikia, wakaenda," alisema. "Huwa sijui wameepushwa na nini. Leo nimeonyeshwa."

Basi, mwanangu, wewe unayenunua vani ubebe watu, nisikilize. Kiti kikitazama mbele au nyuma, uliza kwanza kimeshikwa na nini. Mgongo wake ushike kichwa cha abiria, mikanda iwepo, mizigo ifungwe. Kabla hujatoboa chochote, waulize wakaguzi sheria inaruhusu nini, na gari likikataliwa, lirudishe kwa fundi bila kununa. Na umshukuru anayekuzuia, hata kama siku hiyo amekuchelewesha.

Mungu akujalie magurudumu yenye amani. Kila utakayempakia, na ashuke kwa miguu yake mwenyewe, alakiwe na wanaompenda. Amina.