Ramani za Msanzi Zilipokosa Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya kupakia rangi, nikaambiwa nifagie vumbi ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikaona nimedharauliwa. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Sumbawanga mjini, mzee mfupi aliyevaa koti zito hata jua likiwaka, alinitazama akacheka.

"Binti, umenuna?"

"Hapana, Mzee."

"Umenuna. Sasa sikiliza. Mashine zinauzwa dukani. Kazi ya mtu iliyomo ndani yake haiuzwi popote. Ukiifuta, hata ulie vipi hairudi."

Nikafagia. Vumbi la kiangazi cha Ufipa hujaa kwenye feni za kompyuta mpaka zinakwama, na wiki zile za mwanzo niliziponya mashine nyingi kwa brashi tu.

Baadaye nilipelekwa tawi la Namanyere, chini ya Msimamizi aliyependa haraka. Huko ndiko nilikoukuta ugonjwa wa mafundi wetu, yaani kupiga Windows. Kompyuta haiwaki? Piga Windows. Imekuwa nzito? Piga Windows. Maana yake ni kufuta diski yote na kuweka mfumo upya. Mteja anaondoka na mashine inayokimbia, na picha zake za harusi zimekwenda na maji. Nilibishana na Msimamizi mpaka akanihamishia tawi la Matai, akidhani ananikomoa. Kumbe alinifanyia hisani kubwa.

Nilikaa huko miaka mingi, na nilipokaribia kustaafu ndipo aliponijia Mpimaji mmoja. Alikuwa na ofisi yake ndogo ya kupima mashamba, na kwa miezi mingi alikuwa amezunguka kijiji cha Msanzi akipima mipaka kwa ajili ya hati za kimila. Alichorea ramani kwenye Linux, mfumo wa bure usiosumbuliwa sana na virusi. Kisha akataka programu fulani ya kuchapia, inayokubali Windows tu, akaiweka Windows kwenye diski ileile, pembeni ya Linux. Tangu hapo kompyuta ikiwashwa inafungua Windows peke yake. Linux haionekani, na ramani zote zilikuwa huko.

Hakuja peke yake. Alifuatana na Mama Skola, mjane wa Msanzi, ambaye shemeji yake alikuwa amelivamia shamba lake tangu msiba. Mwaka uliotangulia, mbele ya wazee, shemeji alikubali kwamba mpaka ni safu ya ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaoze yawe mbolea. Mpimaji akaipima safu ile na kuichora kwenye ramani yake. Lakini ntumba hazikai. Msimu ukifika zinasambazwa na ulezi unapandwa, na shemeji alikuwa amezisambaza zote. Kikao cha kijiji cha kupitisha mipaka kilikuwa kesho yake. Alama ya mpaka wa Mama Skola ilikuwa imebaki ndani ya kompyuta ile tu.

"Shikamoo, mama," Mpimaji aliniamkia, jasho likimtoka. "Windows inaniambia kuna sehemu ya diski haijaandaliwa, inauliza kama iiandae. Nikubali?"

"Marahaba. Toa mkono wako hapo!"

Sehemu ile ndiyo iliyokuwa Linux yenyewe. Windows haiwezi kuisoma, kwa hiyo inaiona kama kiwanja kitupu. Angekubali, angefuta.

Nilimpigia simu Meneja wa karakana yetu kule mjini kumwambia nitachelewa kufunga. "Wewe mama na ubishi wako," alisema. "Piga Windows, mteja aondoke." Nikamwambia simu inakatika, nikaikata.

Kompyuta inapowashwa, kwanza inasoma programu ndogo mwanzoni mwa diski, ambayo kazi yake ni kuuamsha mfumo. Ya Linux inaitwa GRUB, nayo ina adabu: ikikuta mifumo miwili inakuuliza unataka upi. Ya Windows ilikuwa imeingia ikakalia nafasi yake bila kuuliza mtu. Ni sawa na mpangaji mpya aliyebadilisha kufuli la geti. Mwenzake bado yuko chumbani na vyombo vyake vyote.

Niliwasha mashine kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, nikaifungua ile sehemu iliyodhaniwa tupu, nikairudisha GRUB mwanzoni mwa diski. Nikazima, nikawasha. Linux ikaja! Ila Windows sasa ndiyo haikuwa kwenye orodha.

"Tumepoteza nyingine," Mpimaji alinong'ona.

"Hatujapoteza kitu. GRUB za siku hizi hazitafuti majirani mpaka uziruhusu."

Nikairuhusu, nikaiambia itafute tena. Nilipowasha mara ya mwisho, majina yote mawili yalikuwa kwenye kioo, moja juu ya jingine. Nilipiga kigelegele mwenyewe, na watu wa duka la jirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Mpimaji akafungua ramani. Mama Skola akaisogelea. "Langu lipi?" Akaonyeshwa. Akaupitisha ukucha juu ya mstari ule polepole, akasema, "Basi shemeji amekwisha."

Sasa nimestaafu. Vijana wananiletea laptopu nyumbani, wengine wanataka nifute tu. Nawaambia wakae kwanza, waniambie ndani kuna nini. Wananiona mama mgumu, na kweli ni mgumu, nashukuru.

Siku ya kuniaga nilipewa vitenge na cheti chenye jina langu. Vitenge nimeshonesha, cheti sikumbuki nilikiweka wapi. Hati ninayojivunia mimi ni ya shamba lile lililopitishwa kwenye kikao, nayo iko Msanzi, nyumbani kwa Mama Skola. Amelima ulezi mpaka kwenye mstari wake, na shemeji anapita kwa nje.