Neno la Somo la Tatu

Mwalimu wetu wa Kifaransa alifunga dirisha kabla ya kila somo, hata mabati ya mtaa wetu wa Baba Dogo yakiwa yanachoma kwa jua. Chaki ilikaa nyuma ya sikio lake miezi miwili bila kugusa ubao. "Kifaransa hutoka puani, bwana, hakiandikwi," aliniambia nilipomwomba aniandikie neno moja tu. Vidole vyake vilichezacheza mezani kama vinatafuta nyuzi za gitaa. Nilianza kumshuku, lakini niliendelea kuja. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Niliambiwa Wakanada humwongezea alama fundi anayejua Kifaransa, na mahojiano yangu ya kazi nao yalikuwa Jumatatu. Ijumaa joto lilituzidi, mwanafunzi mwenzangu Ngigi akafungua dirisha. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo wa Kilingala, bendi ya Wazaire, na mwimbaji alikuwa akimlilia mwanamke kwamba anampenda: "Nalingi yo, nalingi yo." Tuliangaliana. Hilo lilikuwa neno la somo letu la tatu la Kifaransa. Sisi tulifundishwa kwamba maana yake ni "naomba kazi". Mwalimu alilifunga dirisha taratibu. "Mmesikia?" akasema. "Hata redioni wanalitamka vibaya."