Kipimo cha Sukari cha Kinyozi Taratibu

Wateja walimpa jina la Taratibu kwa sababu kila alipoweka wembe shingoni mwa mtu alimnong'oneza neno hilo, "taratibu, taratibu," kama anayembembeleza mtoto. Wengine walimtania kwamba akinyoa shavu la pili, la kwanza limeshaota ndevu upya. Yeye alicheka tu. Hakuwa amewahi kumkata mtu.

Siku hiyo alikuwa akimnyoa mwalimu mstaafu. Mzee wa watu kaegemea kiti, macho kayafumba, koo kaliachia lote juu, na mkono wa Taratibu ukaanza kutetemeka. Jasho jembamba likamtoka. Kioo mbele yake kikaingia ukungu, na kwa kitambo kidogo hakujua shingo ile ni ya nani wala wembe ule anaufanyia nini. Alizinduka alipoona tone la damu chini ya kidevu.

"Umenikata, Taratibu?" mzee aliuliza, bado kafumba macho.

"Nimekukwaruza, mwalimu. Nisamehe sana."

Aliuweka wembe ndani ya beseni kana kwamba unaweza kulipuka, akaenda nyuma ya pazia, akaketi sakafuni.

Muuguzi wa kliniki hakustaajabu. Taratibu alikuwa akimeza vidonge vyake vya kisukari asubuhi, kisha anafululiza kunyoa mpaka jua linapinduka, tumbo tupu. "Sukari ilishuka," muuguzi alisema. "Ikishuka zaidi ya hapo, baba, mtu anazimika kama taa. Nunua kipimo chako. Ujue namba yako kabla hujashika wembe."

Maneno hayo yalimkumbusha msiba. Kaka yake mkubwa alikuwa na ugonjwa huo huo. Walimkuta kitandani adhuhuri, mlango umefungwa kwa ndani, na majirani walikuwa wamepita dirishani tangu asubuhi wakiambiana wamwache apumzike. Baada ya msiba ule Taratibu hakutaka kusikia habari za namba. Aliiona namba kama mgeni wa shari anayebisha hodi: usipomfungulia, huenda akachoka akaenda zake.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Vaa viatu twende."

Mfamasia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapangia vipimo juu ya meza. "Hiki kinabandikwa mkononi. Kinasoma sukari muda wote, na ikishuka simu inalia yenyewe. Ndicho bora, siwafichi. Lakini lazima ubandike kipya kila baada ya muda, na mzigo ukichelewa kufika tunakaa bila. Halafu kinachagua simu. Hebu nione yako."

Taratibu alitoa simu yake yenye kioo cha nyufa. Mfamasia akajaribu kuweka ile programu, simu ikagoma.

"Na hiki je?" Mkewe alikuwa ameshika kingine, chembamba, kinang'aa kama kijaluba.

"Hicho kiache, mama. Vijiti vyake vya kupimia hamtavipata mji huu. Kipimo bila vijiti ni mwanasesere."

Kilibaki cheusi, kizito kidogo, sura ya rimoti. Unachoma kidole, kinasoma, kinairushia simu namba bila waya, hata simu kuukuu kama yake, na simu inampelekea mtu mmoja unayemwamini. Simu ikizimika, kipimo kinajitunzia kumbukumbu. Vijiti vyake vilijaa kabatini, na duka la pili barabarani lilikuwa navyo pia. "Tena kinahesabu kama daktari wenu anavyohesabu," mfamasia aliongeza. "Vingine vina hesabu yake: sukari ya sita vinaiandika mia na nane. Mtu anaona mia na kitu, anaanza kuaga watoto, kumbe yu mzima."

Mkewe akampigia binti yao, aliyefanya kazi mji mwingine.

"Baba, niweke mimi."

"Ili simu inisengenye kwa mwanangu?"

"Ikusengenye! Tangu Baba Mkubwa afariki, simu yako ikichelewa kupokelewa mimi huku siwezi kumeza chakula. Hujui tu."

Hakujua. Alinyoosha kidole, uso kaugeuzia ukutani. Kipimo kikalia. Tatu nukta nne.

"Unajisikiaje, baba?" mfamasia aliuliza, na tabasamu lake limeondoka.

"Mzima kabisa."

"Kaa hapo hapo. Chini ya nne sukari imeshuka. Kunywa juisi hii, imalize."

Alikunywa huku meno yakigonga chupa. Safari hii hakutetemeka kwa sukari. Alitetemeka kwa sababu mwili wake mwenyewe ulikuwa umemnyamazia, haukumpa dalili yoyote. Walinunua kile cheusi.

Wakakubaliana na binti: kila asubuhi kabla ya chai atapima, namba itaruka hadi kwa binti, naye atajibu, "Nimeiona." Ikawa hivyo, mpaka asubuhi moja namba haikuruka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekosa hamu ya kula, lakini vidonge alimeza. Mkewe alikuwa ametoka mapema kwenda sokoni. Taratibu alisimama jikoni akijaribu kuingiza kijiti kwenye kipimo, nacho hakiingii, kwa kuwa alikishika kichwa chini. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Alijua anahitaji sukari. Aliiona rafuni, lakini rafu ilikuwa imekwenda mbali. Kisha akaona miguu ya meza karibu na uso wake. Simu ikaanza kulia. Alijua ni mwanawe anapiga. Hakuweza kukumbuka mtu hufanya nini na simu inayolia. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, na kila iliponyamaza alitaka kupiga kelele, sauti isitoke.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa jirani yao, fundi viatu wa pale getini, ambaye binti alimpigia alipoona baba hapokei; bado kavaa aproni, simu yake mkononi inapaza sauti ya binti: "Yuko macho? Anameza? Koroga sukari, baba mdogo, mpe kidogo kidogo!"

"Anameza, anameza," fundi alijibu huku machozi yakimtoka bila yeye kujua. "Kunywa, ndugu yangu. Kunywa nakwambia."

Nusu ilimwagika kwenye shati, nusu ikashuka. Polepole rafu ikarudi mahali pake.

Daktari alimpunguzia vidonge, akamkataza kuvigusa asipokula. Sasa kinyozi hufunga duka mchana ili apate chakula, na wateja wananung'unika nje wakitazama mlango. Wembe anaushika tena. Lakini hofu haijahama. Kila asubuhi tone la damu likishanywewa na kijiti, kuna kitambo kile kipimo kinapohesabu kimya kimya, naye hubana pumzi. Mkewe yuko kwenye sinki, kampa mgongo, anajifanya kuosha vikombe, na bomba kalifunga ili asikie.