Jumamosi Niliyopewa

Niliomba siku tatu za kukaa na watoto wangu. Niliomba kwa adabu, kwa simu, nimekaa juu ya rundo la mashuka ya watu, maana kazi yangu ni kufulia nyumba moja ya wageni hapa Nsambya, Kampala.

Watoto wangu ni watatu: msichana wa miaka kumi na saba, mvulana wa kumi na tatu, na msichana mdogo wa saba. Hawakai na mimi. Mkubwa anakaa Old Kampala kwa dada yangu wa tumbo moja, anamuuzia dukani. Mvulana anakaa Mbuya kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwanajeshi. Mdogo alichukuliwa na wifi yangu akapelekwa kwao kaskazini. Nilitaka likizo ya shule wakutane hapa, tutembee mji sisi wanne kama familia za watu.

Lakini kutembea kwenyewe hakukuwa shida yangu. Nilikuwa na neno moja, na nilitaka walisikie kutoka kinywani mwangu wakiwa pamoja: kwamba mimi sikuwatoa.

Waliofanya hivi nawataja. Majina siweki, lakini wakisoma watajijua. Basi tulilopanda mimi na mume wangu lilipinduka. Yeye, askari polisi aliyemaliza miaka yote bila kupigwa hata jiwe, alikufa pale pale barabarani. Mimi nilitolewa mkono wa kulia umevunjika, mbavu zimevunjika, kichwa kimepasuka. Siku ya tatu hospitalini walikuja shemeji, wifi na dada yangu. Shemeji akanifungulia karatasi, akasema ni ruhusa ya kusafirisha maiti kwenda kuzikwa kaskazini, lazima mjane akubali. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Nikatoa dole la kushoto, wakalipaka wino, wakaligandamiza.

Kwao, upande wa mume wangu, baba akishazikwa, ukoo unakaa chini unagawana mayatima ili asiwepo mtoto wa kulala nje. Sisemi ni vibaya. Lakini wale walikaa mapema, kando ya kitanda changu, wakanihesabu na mimi kwenye maiti. Miezi ilipita, nikatoka hospitali kwa mguu wangu mwenyewe. Nyumba yetu kwenye kambi ya polisi ilikuwa na watu wengine. Karatasi ilikuwa inasema nimekabidhi watoto kwa hiari yangu. Nikauliza sasa itakuwaje, shemeji akasema watoto wameshazoea. Mila yao inajua kugawa, kurudisha haijui. Miaka mitano sasa.

"Siku tatu nyingi, shemeji," yule mwanajeshi aliniambia kwenye simu. "Kijana ana masomo ya ziada. Wewe chukua Jumamosi. Saa nne mpaka saa kumi na moja."

"Afande, hawa ni watoto wangu."

"Nani amekataa? Si nakupa Jumamosi?"

Anakupa mtoto wako kama anakukopesha jembe. Nikashukuru, maana ningefanya nini. Wifi alikuwa anakuja Kampala kwenye harusi wiki hiyo, akasema atamleta mdogo. Dada yangu alilalamika kwamba Jumamosi ndiyo siku ya wateja, halafu akasema kale, sawa, aende.

Sasa kazi ikawa kupanga. Jirani yangu ni Mkenya, anauza viatu vya mitumba, mdomo wake haulali. Tukakaa mlangoni mwangu jioni nzima.

"Wapeleke kuogelea," akasema.

"Mkubwa wangu anavaa hijabu kwa dada yangu. Avue nguo mbele ya nani?"

"Basi wapeleke msikitini pale juu, wapande mnara, waone mji wote."

"Huyo anauona mnara kila siku akifungua duka. Na mdogo akichoka ngazini nitambeba kwa mkono upi, na huu wa kulia haukuunga vizuri?"

"Aki mama, wewe unapanga matembezi ama unapanga vita?" Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Si uwapikie tu wali hapa nyumbani!"

Hapa nyumbani sikutaka. Chumba kimoja, ndoo kila mahali, harufu ya sabuni. Na mvulana wa miaka kumi na tatu ukimwambia jambo zito chumbani, anatoka nje na harudi. Nilitaka mahali ambapo mdogo atakuwa anacheza, mvulana ana chakula mbele yake hawezi kukiacha, na mkubwa haoni aibu. Nikakumbuka bustani moja yenye bembea na meza za kivulini, unalipa getini.

Wiki moja kabla nilienda peke yangu kuijaribu. Mlinzi akanitazama mikono yote miwili.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Watakuja."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Na leo umekuja kubembea wewe?" Wenzake wakacheka. Nikalipa nikaingia. Nikachagua meza, nikakaa kwenye kila kiti kuona mtu akikaa pale anaona nini. Kiti cha mvulana kisiangalie geti. Kiti changu kiangalie bembea. Nilikaa mpaka jua likahama, nasema maneno yangu polepole, na mama mmoja wa meza ya pili akawasogeza watoto wake karibu naye.

Jumamosi wakaja wote. Gari la shemeji lilishusha wawili, mkubwa akaja kwa boda. Walisalimiana kama watu wanaokutana benki. Mdogo hajui Kiswahili cha kambini tulichowalelea wale wakubwa, na wao lugha ya kaskazini wameisahau, kwa hiyo walitabasamiana tu. Mimi nilimsemesha kwa maneno machache ya kwao niliyofundishwa na baba yake. Akanijibu kwa heshima, jinsi unavyomjibu mwalimu mgeni. Halafu akakimbilia bembea.

Chipsi zikaja. Nikasema. Nilieleza basi, kitanda, karatasi, maiti ya baba yao. Nikasema nilidanganywa, na nani walinidanganya.

Mvulana alitafuna mpaka akameza. "Baba mkubwa alinionyesha hiyo karatasi. Dole ni lako."

"Ni langu."

"Kwa nini hukuisoma?"

"Mimi ni wa darasa la tatu, baba. Na kichwa kilikuwa kimepasuka."

"Ungemwambia mtu akusomee."

Kwenye ile meza, wiki iliyotangulia, nilikuwa nimejibu maswali mengi, hilo halikuwemo.

Mkubwa hakuwa amegusa chakula. Alimwambia mvulana, "Nenda ukamsukume mtoto." Alipoondoka akavuta kiti karibu.

"Mama, nilikuwepo."

"Wapi?"

"Hospitali. Mimi ndiye niliyeshika karatasi wakati wanakupaka wino. Hukumbuki?"

Sikumbuki. Hata leo nikitafuta, naona taa na kofia ya shemeji tu.

"Niliisoma," akasema. "Yote. Baba mkubwa akaniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo. Muuguzi alikuwa amesema hutafika Jumapili. Niliona bora tuwe na pa kwenda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama." Vidole vyake vilikuwa vinakunja pembe ya hijabu. "Ndiyo maana siji kwako. Si shangazi wala mama mkubwa anayenizuia. Naogopa kukuangalia."

Miaka mitano nimekuwa na watu watatu wa kuchukia. Nilikuwa nimewapanga vizuri, kila mmoja mahali pake. Nikamtazama mtoto wangu nikaona anasubiri. Neno la kumsamehe nilikuwa nalijua, ni fupi, mama yeyote analijua. Badala yake nikafuta chumvi ya chipsi mezani.

Honi ikapigwa getini. Ilikuwa saa kumi, wamekuja mapema. Mdogo akaruka kutoka kwenye bembea akakimbia, mvulana nyuma yake, akanipa mkono kama mwanaume, akaenda.

Mkubwa alikuwa bado amekaa. Nikakusanya sahani, nikazipanga moja juu ya nyingine.

"Tafuta boda," nikamwambia. "Dada yangu asije akakugombeza."

Akasema kale, mama. Akajifunga hijabu vizuri, akatoka.

Namba yake ninayo. Kila Jumamosi naishika simu, natafuta namna ya kuanza.