Mkwe Aliyeogopa Wali

Mume wangu alisoma kwenye simu kwamba mchele una sumu ya arseniki, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Sofu, Kibaha, haikukalika. Nikimwomba akaze bomba la jikoni, anajinyoosha kochini: "Mke wangu, seli zangu hazina nguvu." Arseniki, alinieleza, inang'ang'ania vimeng'enya, vile vibarua vya mwilini vinavyogeuza chakula kuwa nishati, navyo vinagoma. Sukari inafika kwenye seli, inakwama. Arseniki ya aina nyingine inajifanya fosfati, madini ambayo seli inayahitaji, inajipenyeza pale nishati inapotengenezwa, halafu inaachia, kazi yote bure. Loo! Kumbe mtu akikesha na mpira akaamka hoi, si usingizi, ni arseniki!

Nilivumilia hadi tulipokwenda kwa mama, kijijini Masaki. Mama alikuwa amechinja jogoo, kampikia mkwe wake pilau. Mume wangu akaisukuma sahani taratibu.

"Nisamehe, mama. Wali una sumu."

Yarabi toba! Kwetu mkwe akikataa chakula tu, kijiji kizima kinaulizana kulikoni. Huyu akalitaja neno sumu lenyewe, shangazi zangu wawili wakiwa mkekani! Mmoja alirudisha mnofu kwenye sinia. Mama akauweka upawa chini, nikaogopa kweli. Hapa ama narudi Kibaha sina mama, ama nabaki Masaki sina mume.

Badala ya kunyamaza, bwana mkubwa akaanza somo la vimeng'enya. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo sumu yako inaua kwa siku ngapi?"

"Siyo siku, mama. Kidogo kidogo, miaka na miaka."

"Miaka na miaka! Mimi, na magoti haya? Baba, ningetaka kukuua ningejipa kazi yote hiyo? Hebu kula."

Akala. Akaongezwa, akala tena, na hizo seli zake zisizo na nguvu.

Shangazi walicheka, lakini nilijua mama kaumia, na moyo uliniuma wiki nzima.

Tuliporudi mwezi uliofuata, nilimkuta jikoni anachemsha wali kwenye maji mengi, kisha anayamwaga. Mama yangu, ambaye maisha yake yote kawasema wanaopika wali wa kumwaga maji!

"Mama, vipi tena?"

"Nimemuuliza nesi wa zahanati. Kasema ukimwaga maji, sumu inapungua." Hakunitazama. "Kamwite mwanangu ale. Na akishapata hizo nguvu, banda la kuku linavuja."